Magomeni Ijengwe, Lakini Ijengwe na Wenyewe

Panda basi la mwendokasi kutoka Kivukoni, vuka bonde la Jangwani, na ukianza kupanda upande wa pili tazama kulia na kushoto. Zamani mtu aliyeshuka hapo aliona mapaa ya mabati yamefuatana mtaa kwa mtaa, na kilichoyapita kwa urefu ni minazi, miembe na minara ya misikiti. Leo utaona nguzo za zege zimechomoza nondo juu, zikingoja ghorofa ya nne, ya tano, ya sita. Utaona uzio wa mabati mahali palipokuwa na nyumba ya vyumba sita. Uliza wenye nyumba wako wapi, utaambiwa wameuza. Wamekwenda Chanika. Au Kibaha. Au Vikindu.

Hatuandiki haya kwa kulilia mabati. Mabati yana joto, yana kutu, na mvua ikishika hayakuachi usikie hata neno la mwenzio. Wala hatuandiki kwa kuchukia ghorofa. Twaandika kwa sababu jambo kubwa linatendeka Magomeni, na linatendeka vile vile Ilala, Temeke, Kinondoni na Sinza, nalo linatendeka kiwanja kimoja kimoja, kimya kimya, baina ya dalali na mrithi mwenye shida. Hakuna mkutano uliokaa kuliamua. Mji unabadilishwa sura na hakuna aliyewauliza wenye mji.

Kwanza tuhesabu watu, maana wako wanaosema kwamba Dar es Salaam imejaa kwa sababu ya vijana waliokimbia jembe, na kwamba dawa ni kuwarudisha makwao. Hesabu ya watu ya 1957, miaka minne kabla ya Uhuru, ilikuta mjini watu 128,742. Hesabu ya 2012 ilikuta watu 4,364,541. Ile ya 2022 ilikuta 5,383,728. Toa moja katika nyingine uone: katika miaka kumi wameongezeka watu 1,019,187. Gawa kwa siku za miaka hiyo kumi, wapata watu 279 kila siku. Kila jua linapochomoza upande wa Kigamboni, jiji hili lina midomo 279 ambayo jana haikuwapo. Na hao si wageni wote. Wengi wamezaliwa papa hapa, Muhimbili, Amana, Mwananyamala na Temeke. Utawarudisha wapi? Kwao ndiyo hapa.

Sasa watu hao walale wapi? Mpaka leo jibu letu limekuwa moja tu: mbele zaidi. Mtu akikosa Magomeni huenda Mbezi, akikosa Mbezi huenda Kibamba, akikosa Kibamba huvuka mpaka akaingia Mkoa wa Pwani. Kila anapokwenda hudai nguzo ya umeme, bomba, barabara, shule na zahanati, na ana haki ya kudai. Lakini nguzo hiyo inamfuata kwa maili nyingi, na mwenyewe huamka saa kumi alfajiri ili awe kazini saa mbili. Akirudi usiku watoto wamelala. Huyo ni mfanyakazi wa nchi huru, lakini watoto wake wanamjua Jumapili tu.

Na Magomeni iko wapi? Iko hatua chache kutoka Kariakoo. Barabara ya Morogoro inapita katikati yake, na Barabara ya Kawawa inaikata. Tangu Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yanasimama hapo. Kama kuna mahali katika jiji hili panapofaa watu wengi wakae juu ya ardhi ndogo, basi ni hapo. Kwa hiyo twasema bila kuzunguka: anayetaka Magomeni ibaki kama ilivyokuwa mwaka 1960 anawaambia wale watu 279 wa kila siku waende Kisarawe. Sisi hatuko pamoja naye. Magomeni ipande juu. Ugomvi wetu ni juu ya namna inavyopandishwa, na juu ya nani anabaki ndani baada ya kupanda.

Yafaa tukumbushane Magomeni ilitoka wapi, maana vijana wetu waona mitaa wakidhani imeota. Mkoloni aliugawa mji huu kwa rangi za watu. Palikuwa na Uzunguni, palikuwa na Uhindini, palikuwa na Uswahilini, na kila sehemu ilikuwa na sheria zake za kujenga. Katikati ya mji paliwekwa mabomba ya maji machafu yanayotoa uchafu baharini. Uswahilini mwenye nyumba alichimba shimo lake mwenyewe uani. Kariakoo ilipojaa, katika miaka ya 1950 serikali ya Waingereza ilipima viwanja Magomeni na kujenga kota za wafanyakazi. Viwanja vile vilipimwa kwa kadiri ya haja ya Mwafrika kama mkoloni alivyoiona yeye: nyumba ya chini, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma wenye jiko, bafu na choo. Barabara za ndani zikawa nyembamba, kwa kuwa nani alitazamia kuwa mpangaji wa chumba kimoja atakuja na gari?

Hata hivyo wazee wetu waliigeuza mitaa ile ikawa ngome. Chama cha TANU kilizaliwa Kariakoo tarehe 7 Julai 1954, lakini hakikulelewa Kariakoo peke yake. Mwalimu Nyerere alipoacha kazi ya ualimu mwaka 1955 alikaa Magomeni, na nyumba yake ingali ipo, leo ni makumbusho. Baraza za nyumba za Magomeni ndizo zilizokuwa ofisi za watu wasio na ofisi. Mtu aliyekuja kutoka Songea au Tabora bila ndugu mjini alipata chumba, akapata jirani, akapata kadi. Hayo yaliwezekana kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa ya mtu wa kawaida. Wanaodhani kwamba siasa ya nchi hii ilifanywa na watu waliokaa mbali mbali nyuma ya kuta ndefu hawajui habari zake.

Baada ya Uhuru tulijaribu kuitengeneza mitaa hii. Mwaka 1962 liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa, na katika miaka iliyofuata Shirika lilivunja vibanda vya miti na makuti, Magomeni ikiwa miongoni mwa mahali pa kwanza, likajenga nyumba za saruji na bati. Ilikuwa kazi njema na ilikuwa na kosa moja kubwa: ilivunja nyumba ikarudisha nyumba. Idadi ya vyumba haikuongezeka kwa kadiri watu walivyoongezeka, na fedha zikaisha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mpango ule ukaachwa.

Ukaja mpango wa pili katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Huo ndio uliozaa Sinza, Kijitonyama na sehemu ya Mikocheni, na ndio uliopeleka barabara na maji Manzese. Hapo Serikali haikumjengea mtu nyumba. Ilipima, ikachonga barabara, ikalaza bomba, kisha ikamwambia mwananchi: sasa jenga. Angalieni mpango ule, ndugu zetu, maana ndani yake kuna jambo tulilolisahau. Bomba lilitangulia, nyumba ikafuata. Mpango ule ulikuwa na dosari zake, na wenye nacho walijipenyeza wakachukua viwanja vya wasio nacho. Lakini utaratibu wa kazi ulikuwa sawa.

Leo tumeugeuza utaratibu huo juu chini. Chukua nyumba moja ya Magomeni yenye vyumba sita. Tuseme kila chumba kina mtu, mkewe na watoto wawili: watu 24, choo kimoja, bomba moja uani. Ni wengi, lakini shimo lile na bomba lile wamelizoea kwa kupeana zamu. Vunja. Jenga juu ya kiwanja kile kile ghorofa nane, kila ghorofa nyumba nne. Hizo ni nyumba 32, na ukizijaza watu wanne wanne wapata watu 128. Kila nyumba ina vyoo viwili vya kuvuta maji, ina bafu, ina mashine ya kufulia. Sasa tuambieni, ninyi mlioweka sahihi katika kibali: bomba lililo chini ya mtaa ule limebadilishwa? Mtaro uliopo ukingoni umepanuliwa? Maji machafu ya watu 128 yanakwenda wapi?

Tunajua yanakwenda wapi, kwa sababu tunapita hapo. Yanakwenda katika karo lililochimbwa chini ya jengo, na karo likijaa huitwa gari la kunyonya. Gari ni ghali. Basi mvua kubwa ikianza, usiku, mtu hufungua chemba. Wenyeji wa mji huu wana neno lao kwa tendo hilo, kutapisha, na neno hilo lina uvundo wake wenyewe. Maji yanashuka mtaani, yanapita mbele ya mama anayekaanga vitumbua, yanapita penye bomba la maji safi lenye ufa, yanaishia Msimbazi. Agosti 2015 kipindupindu kilipozuka jijini, wilaya ya Kinondoni ilikuwa ya mwanzo kupigwa. Aliyeugua si yule mwenye tangi juu ya dari.

Na maji safi? Maji ya jiji hili kwa sehemu kubwa yatoka mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ni wa 1959, wa Ruvu Chini ni wa 1976, na yote miwili imepanuliwa katika miaka ya karibuni. Hilo twalisifu. Lakini mto ni ule ule. Oktoba 2022 ukame ulipoupunguza Ruvu, jiji zima liliingia katika mgao, na watu wakarudi kwenye madumu kama zama za babu zetu. Na hata siku zisizo za mgao, jengo refu lenye pampu hunyonya maji moja kwa moja katika bomba la mtaa, na jirani wa nyumba ya chini akifungua koki yake husikia upepo. Amelipia upepo huo, maana mita inazunguka. Tumewahi kumwona mama mmoja akiisikiliza koki kwa sikio, apate kujua pampu ya jirani imezimwa.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wataalamu hawalisemi, nasi twalisema kwa sababu ndilo linaloleta ugomvi wa majirani kila masika. Ua wa nyumba ya Kiswahili ni mchanga. Mvua ikinyesha, mchanga hunywa. Ghorofa likijengwa, kiwanja chote hufunikwa kwa zege na pevingi, toka ukuta mpaka ukuta, magari yapate kulala. Hakuna tena tone linaloingia ardhini. Maji yote ya kiwanja kile hutupwa kwa jirani wa chini, na jirani wa chini humtupia mwenzake, mpaka yafike Jangwani. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na wakazi wengi wa bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Tuliwalaumu waliojenga bondeni, na walikuwa na lawama kweli. Lakini maji yaliyowachukua hayakuanguka bondeni tu. Mengine yalitoka juu, kwetu sisi tuliosakafu nyua zetu.

Juu ya usalama wa majengo yenyewe hatutasema mengi, maana wafu wamekwisha kusema. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji lilianguka likaua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la Kariakoo liliporomoka mchana watu wakiwa kazini, na waliokufa ni zaidi ya 20. Baada ya kila msiba huundwa tume. Sisi tungependa mkaguzi afike kabla ya tume. Tena mitaa ya ndani ya Magomeni ni myembamba hivi kwamba gari la zimamoto likikutana na gari la mchanga, moja lazima lirudi nyuma, na moto haungoji.

Sasa tuingie katika jambo lililo zito kuliko mabomba. Bomba laweza kulazwa mwaka ujao. Mtu aliyehama harudi.

Nyumba nyingi za Magomeni ni za urithi. Mzee alijenga, akafa. Mama akabaki, akafa. Wamebaki watoto saba, au tisa, wa mama wawili, mmoja yuko Mwanza, mmoja yuko Muscat, mmoja anakaa katika nyumba yenyewe na anakula kodi ya vyumba vilivyobaki. Wenzake wanasema anawaibia. Yeye anasema ndiye anayeziba paa. Hapo ndipo dalali anapoingia, na dalali ana pua. Hawaendei wote, humwendea yule mwenye mgonjwa hospitalini, au mwenye mtoto aliyepata nafasi chuoni. Fedha zinatajwa. Ni fedha nyingi ambazo katika ukoo ule hazijapata kutajwa kwa mkupuo mmoja. Zikigawanywa kwa watoto tisa, kila mmoja apata kiasi cha kununua kiwanja kisichopimwa Chanika na matofali ya msingi. Baada ya miaka miwili, katika kiwanja cha baba yao zimesimama nyumba 32, na kodi ya miezi sita ya chache tu kati ya nyumba hizo yapita fungu alilopata mtoto mmoja.

Je, wamedhulumiwa? Kwa sheria, la. Wameuza kwa hiari, hati imehamishwa, ushuru umelipwa. Lakini sisi tunauliza: thamani ile ilitoka wapi? Haikuletwa na mnunuzi katika mkoba wake. Imetokana na mwendokasi uliojengwa kwa fedha na mikopo ya umma ambayo wote tunalipa. Imetokana na miaka 60 ya watu waliokaa pale mpaka mahali pakawa mahali. Mwenyeji alilima, mnunuzi amekuja siku ya kuvuna akanunua shamba kwa bei ya pori.

Na tuseme ukweli, ingawa gazeti hili ni la Chama na wengine hawatapenda: baadhi ya wanunuzi hao si wageni kutoka ng'ambo. Ni wakubwa wetu wenyewe. Wamo waliosimama majukwaani wakaimba habari za wanyonge, na jioni wakamtuma dalali Magomeni. Tunawajua na wanajua kuwa tunawajua. Hatuwakatazi kujenga. Twawakumbusha kwamba kadi waliyonayo ilianza kuandikwa katika baraza zile wanazozivunja.

Wala mpangaji hatuwezi kumsahau, maana hata mrithi ana fungu, yeye hana. Mwenye chumba Magomeni ni mshona nguo, ni mpishi wa hoteli, ni mwuguzi, ni kijana anayesukuma mkokoteni Kariakoo. Nyumba ikiuzwa hupewa mwezi mmoja, pengine wiki mbili, na yule aliyekwisha lipa kodi ya miezi sita huambiwa adai kwa mwenye nyumba wa zamani, ambaye simu yake haipatikani. Ghorofa likikamilika, kodi ya nyumba moja yashinda mshahara wake. Zamani alitengwa kwa rangi yake. Siku hizi hakuna anayemwuliza rangi, wanamwuliza bei. Na akipangwa kwa bei huenda mbali kuliko alikopangwa kwa rangi, maana mkoloni alimtaka karibu apate kumtumikia.

Wako watakaotuambia: haya yote ni maneno ya magazeti, hakuna njia nyingine, fedha ndiyo inayojenga. Tunajibu kwamba njia nyingine imekwisha onekana, na imeonekana Magomeni hapo hapo. Kota za zamani za Magomeni zilivunjwa, na kaya 644 zikaondolewa. Zilisubiri miaka mingi, tena kwa uchungu, na wako waliokufa wakisubiri. Lakini Serikali ilizijengea upya juu ya ardhi ile ile, kwenda juu, na tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua nyumba 644. Kaya 644 zilitoka, nyumba 644 zilijengwa kwa ajili yao. Mtu akituambia haiwezekani mwenyeji kurudi katika ghorofa, tutampeleka Kota akahesabu.

Ni kweli, ile ilikuwa ardhi ya umma na fedha za umma, na Serikali haiwezi kumjengea kila mrithi wa Magomeni. Hatuombi hivyo. Tunachosema ni kwamba mwenye kiwanja asiuze kiwanja, akiingize. Tangu 2008 tunayo sheria inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe, ghorofa ya pili mlango wa tatu, kama vile mwingine anavyomiliki shamba. Sheria ipo, inafanya kazi katika majengo ya wakubwa ya Upanga na Masaki. Kwa nini isifanye kazi kwa watoto tisa wa marehemu? Mwenye fedha alete fedha, wao walete ardhi, na jengo likisimama wao wawe na milango yao wenye hati, tena milango hiyo itajwe katika mkataba kabla ya nyumba ya baba yao kuguswa. Na afadhali zaidi wenye viwanja vinne vinavyopakana wakiungana wakajenga jengo moja, kuliko majengo manne yaliyobanana hata dirisha la huyu likifunguliwa lagonga ukuta wa yule. Kwa viwanja vinne patapatikana ua, patapatikana mahali pa karo la maana, na gari la zimamoto litapita.

Kinachokosekana si sheria. Kinachokosekana ni mtu wa kumsomea mrithi mkataba. Mwenye fedha huja na mwanasheria, mhandisi na mthamini. Mrithi huja na kaka yake. Halmashauri inayoweza kulipa posho za semina yaweza kuweka mwanasheria mmoja na mthamini mmoja katika ofisi ya kata, siku mbili kwa wiki, mwananchi aende akaulize bure kabla hajatia dole gumba. Gharama yake ni ndogo hata kuona haya kuitaja. Na ushirika wetu wa zamani uko wapi? Tulifundisha wakulima wa pamba na kahawa kuuza pamoja ili wasipunjwe mmoja mmoja. Mwenye kiwanja Magomeni leo anauza kama mkulima wa kahawa aliyekuwa akiuza peke yake njiani, kabla ya vyama vya ushirika.

Juu ya mabomba, dai letu ni fupi. Kibali cha ghorofa kisitolewe mpaka ijulikane maji yatatoka wapi, uchafu utakwenda wapi na mvua itapita wapi, na majibu hayo yaandikwe juu ya kibali chenyewe, siyo moyoni mwa afisa. Kila ghorofa inayoongezeka ilipe mchango wake kwa ajili ya bomba na mtaro wa kata ile ile, na mchango huo uwe na akaunti yake. Tunajua tutaambiwa kwamba kodi ya majengo ipo. Ndiyo, ipo, tangu 2021 hukatwa katika umeme wa LUKU, na kwa hiyo anayelipa mara nyingi ni mpangaji anayenunua umeme, wala si mwenye jengo. Tena fedha hiyo ikikatwa kwenye mita ya Magomeni haionekani imegeuka mtaro wa Magomeni. Mwananchi hukubali kulipa akiona sepeto.

Viwanja vya wazi vilivyobaki vihesabiwe na vizungushiwe alama sasa hivi. Watu wakipanda juu, watoto bado wanacheza chini. Tumekwisha kuona katika jiji hili kiwanja cha mpira kikigeuka gereji, gereji ikigeuka ukumbi wa harusi, na ukumbi ukapata hati. Na shule za msingi za mitaa hii, ambazo zilijengwa wakati wa nyumba za vyumba sita, nani anazihesabia madarasa ya watoto wa nyumba 32 juu ya kila kiwanja?

Kwa kuanzia, tunataka jambo moja lisilohitaji mkopo wa mtu. Ibandikwe ramani katika kila ofisi ya serikali ya mtaa Magomeni, kubwa, ya kusomeka na mzee asiye na miwani, ikionyesha kila kiwanja kilichoombewa kibali, ghorofa ngapi, bomba la mtaa lina upana gani na maji machafu yataelekea wapi. Kitu kinachojulikana na dalali hakiwezi kuwa siri kwa mwenyekiti wa mtaa. Katika mkutano wa mtaa ujao, mwananchi yeyote asimame aiulizie ramani hiyo. Akijibiwa kwamba haipo, aulize vibali vilivyokwisha kutolewa vilitolewa kwa kutazama nini, na jibu liandikwe katika muhtasari wa mkutano, na tarehe.